Kabla ya Pawasoo

Jakaranda ya ploti yetu ilikatwa Jumamosi moja ya mwezi wa Mei. Wiki mbili kabla, mvua ya usiku ilikuwa imeangusha mti mwingine mtaa wa pili. Mti huo ukalala juu ya gari lililoegeshwa, na picha zikazunguka kwenye grupu ya wapangaji hadi asubuhi. Hakuna aliyeumia. Lakini kuanzia siku hiyo mwenye ploti akaanza kuitazama jakaranda yetu kwa jicho baya. Ilikuwa na tundu mahali tawi moja lilipokatwa zamani, futi saba hivi kutoka chini, na kila mvua ikinyesha tundu lile lilitoa maji meusi. "Huu umeoza ndani," akasema. Nani angembishia? Yeye hakuwa ameona ndani, na sisi pia hatukuwa tumeona.

Mama mboga aliyekuwa akiuza chini ya kivuli chake ndiye pekee aliyejaribu. Alimwambia fundi wa pawasoo, "Kijana wangu, si kwanza uhakikishe?" Fundi akachukua panga, akagonga shina kwa mgongo wa panga mara mbili tatu, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mathe, mimi nimeitwa kukata."

Kufikia saa sita mchana mti ulikuwa chini. Kisiki kilikuwa na upana wa sentimita 80 hivi. Mbao yake ilikuwa na rangi ya maziwa ya chai, ngumu, nzima, na katikati palikuwa na doa jeusi linalotosha kufunikwa na sahani ya kikombe. Basi, ni hilo tu. Mama mboga akaja akakitazama, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayempima mtoto homa, kisha akarudi kuhamisha sukumawiki yake iliyokuwa sasa juani.

Nilikasirika, lakini hasira yangu haikuwa na pa kwenda. Mwenye ploti hakuwa mwongo. Aliogopa kitu ambacho hakuweza kukiona. Kwa hiyo nikaanza kusoma. Je, kuna mtu aliyewahi kupata njia ya kujua kilicho ndani ya mti bila kuuangusha? Kumbe njia ipo. Inatumia sauti, ina historia ndefu kuliko nilivyodhani, na sehemu moja ya historia hiyo inapitia hospitali ya Cape Town.

Tuanze na lile panga. Fundi alipogonga shina hakuwa akifanya mchezo. Ukienda Marikiti kununua tikiti maji, muuzaji analipiga kofi na kulisikiliza kabla hajakuapia kwamba limeiva. Fundi wa stima akifika kwenye nguzo ya mbao iliyozeeka, huigonga kwa nyundo kabla ya kukabidhi uhai wake kwayo. Kitu kizima kinalia namna moja, kitu chenye uwazi kinalia namna nyingine. Hakuna mtu aliyevumbua jambo hili. Ni elimu ya kila mahali.

Lakini kuna mtu aliyeliandika. Leopold Auenbrugger alizaliwa mwaka wa 1722 huko Graz, Austria, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni. Inasimuliwa kwamba akiwa mdogo alimwona babake akigonga mapipa ya divai ili kujua yamejaa hadi wapi. Alipokua akawa daktari katika Hospitali ya Kihispania mjini Vienna, na huko akaanza kugonga vifua vya wagonjwa kwa ncha za vidole. Mwaka wa 1761 akachapisha kitabu chembamba kwa Kilatini akieleza kwamba kifua chenye afya hulia kwa namna ya ngoma iliyofunikwa kwa kitambaa kizito, na kwamba pale penye maji au uvimbe sauti hubadilika. Madaktari wenzake hawakumjali. Ilimchukua Corvisart, daktari wa Napoleon, kukitafsiri kitabu hicho kwa Kifaransa mwaka wa 1808 ndipo dunia ikaamka. Auenbrugger akafa mwaka uliofuata. Miaka 47 ya kungoja watu waamini kwamba mwili unaweza kusikilizwa! Leo daktari akikugonga mgongo kwa vidole viwili, anafanya kazi ya yule mtoto wa mapipa.

Miti nayo haikuwa na bahati hiyo. Waliotaka kuijua kwa undani waliipasua.

Hadi karne ya 19 wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba mti huoza kwanza, kisha uyoga huota juu ya uozo. Mjerumani Robert Hartig aliligeuza wazo hilo miaka ya 1870. Alionyesha kwamba kuvu ndiyo huingia mwanzo, kwa nyuzi ndogo sana, na kuila mbao hadi ikawa kama sifongo. Uyoga unaouona kwenye gome ni tunda la kazi iliyokwisha kufanyika ndani. Wakati huohuo Max Pressler, mwalimu wa chuo cha misitu cha Tharandt, alileta keekee yenye tundu katikati. Unaizungusha hadi ndani ya shina, unatoa kijiti chembamba kama penseli, unahesabu pete za miaka. Ni chombo kizuri, na bado kinatumika. Ila kinakuonyesha mstari mmoja tu, na kinaacha kidonda kinachoweza kuwa mlango wa kuvu ileile unayoitafuta.

Halafu akaja Alex Shigo, na huyu napenda habari zake kwa sababu silaha yake ilikuwa pawasoo. Alikuwa mwanasayansi wa idara ya misitu ya Marekani, na bahati yake ilikuwa kuanza kazi wakati msumeno wa injini ulikuwa umekuwa mwepesi kiasi cha kubebwa na mtu mmoja. Watafiti waliomtangulia walizoea kukata magogo kwa upana na kutazama duara. Shigo aliyapasua kwa urefu, maelfu ya miti, akafuatilia kila kidonda kilikoenda. Alichokiona kilibadilisha namna ya kuielewa miti. Sisi tukijikata, nyama mpya hushika nafasi ya ile iliyoharibika. Mti hauwezi hivyo. Unachofanya ni kujenga kuta kuzunguka kidonda, kukifungia ndani, na kuendelea kuongeza mbao mpya kwa nje. Nadharia yake aliitoa mwaka wa 1977.

Maana yake ni kwamba mti mkubwa wa mjini karibu kila mara una uozo fulani mahali fulani, na kwamba uozo huo unaweza kuwa umefungiwa chumbani kwa miaka 40 bila kudhuru mtu. Lile doa la ukubwa wa sahani katika jakaranda yetu lilikuwa chumba cha namna hiyo. Lakini ona kejeli iliyopo hapa. Tulijifunza kwamba mti unaweza kuishi na uozo wake kutoka kwa mtu aliyelazimika kuua miti ili atuonyeshe. Mti ukishaangushwa, jibu unalipata, lakini swali lenyewe limekufa.

Sasa turudi kwenye sauti, safari hii tukiwa na saa mkononi.

Kosa la mgongo wa panga ni kwamba linategemea sikio, na sikio linachoka, linazeeka, linapewa hongo. Kitu kisichochoka ni mwendo. Hewani sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ndani ya mbao nzima ya mti ulio hai, ukipita kutoka upande mmoja wa shina hadi mwingine, mwendo ni kati ya mita 1,000 na 1,800 kwa sekunde au zaidi kidogo, kutegemea aina ya mti. Mbao ikianza kuoza inalegea, na sauti inapungua mwendo. Pakiwa na shimo kabisa, wimbi la kwanza kufika upande wa pili ni lile lililozunguka ukingoni kupitia mbao iliyobaki, kama matatu inayokwepa foleni ya Mombasa Road kwa kupita ndani ya estate. Inafika, lakini inachelewa. Pima kuchelewa huko, na utajua kuna kitu katikati.

Wanajiolojia walikuwa tayari wakifanya hivyo kwa dunia nzima. Mwaka wa 1936 Inge Lehmann, mwanamke wa Denmark, alitazama muda ambao mawimbi ya tetemeko la ardhi yalichukua kupenya sayari na kutokea upande wa pili, akaona mengine yamefika mahali ambapo hayakupaswa kufika. Alipanga rekodi zake kwenye kadi, ndani ya maboksi ya uji wa shayiri, hadi akafikia uamuzi kwamba katikati ya kiini cha dunia kuna kiini kingine. Hakuchimba hata shimo la choo.

Hata hivyo, kujua kwamba kuna kitu si sawa na kukiona umbo lake. Ukigonga upande mmoja na kusikiliza upande wa pili, unapata nambari moja tu: wastani wa kila kitu kilichopo njiani. Unawezaje kutoka kwenye nambari nyingi za namna hiyo hadi kwenye picha? Hesabu yake ilikuwepo tangu 1917. Johann Radon, mwanahisabati wa Austria, alithibitisha kwamba ukijua jumla za mistari yote inayokatiza umbo, unaweza kulirudisha umbo lenyewe. Aliandika kwa ajili ya wanahisabati wenzake, na nje ya duara lao hakuna aliyemsikia.

Kwa hiyo mtu mwingine ikabidi aanze upya, na huyo ndiye wa Cape Town. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka wa 1924 na alikuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka wa 1956 hospitali ya Groote Schuur ilibaki bila mwanafizikia, na sheria ilitaka awepo mmoja wa kusimamia dawa zenye mnururisho. Cormack akaombwa aende siku moja na nusu kwa wiki. Huko aliona madaktari wakipanga miale ya kutibu saratani kana kwamba mwili wa binadamu ni kitu kimoja kilicholingana kote, ilhali una mfupa, mapafu na mafuta. Akajiuliza: mtu anawezaje kupata ramani ya ndani kwa kupima kutoka nje tu?

Jaribio lake la kwanza ndilo lililonifanya nicheke peke yangu ndani ya matatu. Hakutumia mgonjwa wala mnyama. Alitumia duara: alumini katikati, imezungukwa na mbao. Yaani kitu cha kwanza alichotazama ndani, kwa njia ambayo leo tunaiita skani ya CT, kilifanana na gogo! Akapitisha miale, akapiga hesabu, na matokeo yakaonyesha hitilafu ndogo katikati kabisa ambayo hakuitegemea. Akaenda kuuliza karakana. Kumbe aliyetengeneza kile kipande alikuwa amechomeka kijiti cha alumini ya aina tofauti kidogo ndani yake. Hesabu iliona kitu ambacho Cormack mwenyewe hakujua kipo.

Alihamia Marekani, na akachapisha kazi yake mwaka wa 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyeitikia. Baadaye alisimulia kwamba barua ya kuvutia zaidi aliyopokea ilitoka kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji; walitaka kujua kama wanaweza kutazama ndani ya theluji. Nadhani hao ndio waliomwelewa. Waliona kwamba wazo lenyewe halina uhusiano na mwili wa binadamu. Lilihusu kitu chochote usichotaka kukipasua.

Mashine yenyewe ilijengwa Uingereza na Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, ileile iliyokuwa ikitoa rekodi za Beatles. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo Oktoba 1, 1971, na mwaka wa 1979 Hounsfield na Cormack wakagawana Tuzo ya Nobel ya tiba.

Kutoka hospitalini hadi msituni ilichukua muda, na njia ilipitia kwenye nguzo. Mwaka wa 1986 Tomikawa na wenzake huko Japani walichapisha utafiti wa kukagua nguzo za mbao kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio, huku kompyuta ikichora ndani yake. Ukifikiria nguzo zetu za mkaratusi zilizoinama kando ya barabara, utaona kwa nini walianzia hapo. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, Wajerumani na Wahungari, karibu kwa wakati mmoja, wakaleta vifaa vya mti ulio hai: kampuni moja Rostock, nyingine Heidelberg, na watafiti wa mji wa Sopron. Jina la kazi hii ni tomografia ya sauti.

Namna inavyofanyika, mtu yeyote aliyewahi kupigilia msumari anaielewa. Unazungushia shina mkanda wenye vihisi, tuseme 12. Kila kihisi kinashikana na msumari mwembamba unaopenya gome na kugusa mbao, basi. Unapima nafasi ya kila msumari, kwa sababu mashina hayana duara kamili. Kisha unachukua nyundo ndogo. Gonga msumari wa kwanza. Vile vingine 11 vinarekodi sauti ilipofika. Gonga wa pili. Gonga wa tatu. Ukimaliza mzunguko umepata njia 66 zinazokatizana ndani ya shina kama nyuzi za kikapu. Katika shina la jakaranda yetu, sauti ingevuka mbao nzima kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Kompyuta inachukua nyakati hizo zote na kuchora kata ya shina kwa rangi. Katika kifaa kimoja kinachojulikana sana, kahawia iliyokolea ni mbao imara, kijani ni hali ya kati, na zambarau na buluu ni pale ambapo sauti ilikwama. Kazi yote huchukua muda mfupi kuliko kuangusha mti, na unaacha matundu madogo ya misumari.

Halafu picha ipo mbele yako, ina buluu katikati. Ukate au usikate?

Hapa hesabu inashangaza, na natamani mwenye ploti angeiona. Nguvu ya shina kupinga upepo iko zaidi kwenye ukingo wake kuliko katikati. Galileo aliliandika jambo hili mwaka wa 1638 akizungumzia mifupa ya ndege na mabua, na yeyote aliyewahi kushika mwanzi analijua. Shina lenye shimo katikati linalofikia nusu ya kipenyo chake hupoteza takriban asilimia 6 tu ya nguvu ya kupinga kupindwa. Shimo likifika asilimia 70 ya kipenyo, hasara ni kama robo. Likifika asilimia 90, umepoteza karibu theluthi mbili, na hapo ndipo mambo yanaharibika haraka. Claus Mattheck, mwanafizikia wa Karlsruhe aliyetumia miaka mingi akisoma miti iliyovunjika na iliyosimama, alipendekeza kanuni inayotumika sana: ukuta wa mbao nzima uwe angalau asilimia 30 ya nusu kipenyo. Wengine wamebishana naye, wakisema mti mfupi mnene si sawa na mrefu mwembamba. Lakini chukua kisiki chetu. Kwa kanuni hiyo kilihitaji ukuta wa sentimita 12. Kilikuwa na zaidi ya 30. Kwa sababu ya lile doa, shina halikuwa limepoteza hata asilimia moja ya nguvu yake.

Sitaki kuifanya mashine hii kuwa mganga. Inasoma kata moja tu ya shina, pale mkanda ulipofungwa. Mizizi iliyooza chini ya lami haiioni, na miti mingi ya mjini huangukia hapo, baada ya watu kuchimba mitaro ya maji na nyaya na kuikata mizizi. Tena, sauti haijui tofauti kati ya shimo na ufa. Ufa mwembamba ndani ya mbao nzima unaweza kuchorwa kama pango kubwa la buluu, kwa kuwa wimbi lililazimika kuuzunguka.

Na kwetu kuna mti ambao ungeitatiza mashine hii vibaya: mugumo. Mugumo mara nyingi huanza maisha juu ya mti mwingine, kwa mbegu iliyoachwa na ndege. Unashusha mizizi, mizizi inaungana, inamkumbatia mwenyeji hadi anakufa na kuoza, na mugumo unabaki umesimama kuzunguka kaburi lake. Ufunge vihisi 12 kwenye mugumo wa aina hiyo, picha ingejaa mapengo na nyufa za mahali mizizi ilipokutana bila kushikana vizuri. Mgeni angesema huu mti umekwisha. Kumbe ndivyo ulivyozaliwa.

Nimeutaja mugumo kwa makusudi. Novemba 2020, barabara ya Expressway ilipokuwa ikijengwa, kulikuwa na mugumo wa Waiyaki Way, mrefu kama jengo la ghorofa nne, unaokadiriwa kuwa na miaka mia moja. Watu walipiga kelele, na Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri usiguswe. Uliokolewa na utamaduni, kelele na sahihi. Wangari Maathai aliandika kuhusu mugumo wa utotoni mwake ambao mamake alimkataza kuokota kuni zake. Mugumo huo haukupata sahihi ya mtu, na mwenye shamba mpya aliukata ili apande chai. Katika visa vyote viwili, hali ya shina kwa ndani haikuwa swali.

Basi tuseme swali liulizwe. Je, jibu lingemaliza ugomvi? Amsterdam waliliuliza. Nyuma ya nyumba alimojificha Anne Frank palikuwa na mti wa chesinati, mzee kupita miaka 150, ambao msichana yule aliutaja mara tatu katika shajara yake mwaka wa 1944, kwa kuwa ulikuwa sehemu ya nje ambayo aliweza kuiona. Kuvu ikauingia. Jiji likatoa kibali cha kuukata mwaka wa 2007, majirani na wapenda miti wakaenda mahakamani, na Novemba, siku moja kabla ya msumeno, kazi ikasimamishwa. Wataalamu waliupima mti huo na hawakukubaliana. Hakuna aliyekana kwamba umeoza. Walibishana kuhusu mbao nzima iliyobaki, kama inatosha, na inatosha kwa nani. Mwaka wa 2008 wakaujengea fremu ya chuma kuushikilia. Agosti 23, 2010, upepo mkali ukauvunja karibu na ardhi, fremu na vyote. Hakuna aliyeumia.

Nilipoisoma habari ya ile fremu nilikumbuka Thika. Wazee wanasimulia kwamba Mugo wa Kibiro alitabiri mugumo mmoja wa pale utaanguka siku utawala wa Wazungu utakapofika mwisho, na kwamba wakoloni, licha ya kuuita ushirikina, waliuzungushia chuma na saruji ili usianguke. Radi ikaupiga, na mwaka wa 1963 ukawa chini. Waliojenga kule Amsterdam walikuwa wakiupenda mti wao na waliojenga Thika walikuwa wakiuogopa, lakini kazi ya mikono yao ilifanana.

Wengine watasema chesinati ile iliwathibitishia kuwa walioogopa walikuwa sahihi. Mimi sioni hivyo. Ilipata miaka mitatu zaidi, matawi yake yakachukuliwa na kuoteshwa, na watu waliokaa karibu nayo waliketi mbele ya jaji wakaambiwa nini kinajulikana na nini hakijulikani. Mama mboga wetu alipewa sekunde tatu za mgongo wa panga. Sidai kila ploti ya Nairobi ifungiwe mkanda wa vihisi. Bei yake si ya fundi wa mtaa. Ila fundi yule alisikia kitu alipogonga. Nilimwona. Alitulia, akageuza kichwa kidogo, kama muuza tikiti. Halafu akaliwasha pawasoo, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemuuliza alichosikia.

Siku hizi mama mboga anauza chini ya mwavuli wa kampuni ya simu, na mahali pa jakaranda panaegeshwa magari mawili. Kisiki hakijang'olewa. Kinachipua. Keyateka anapita na panga kila mwisho wa mwezi kuyafyeka machipukizi, na kila mwezi yanarudi. Wiki jana niliyahesabu, yalikuwa saba.